Ndugu wa Mgonjwa Wakae Kwenye Benchi

Nchi ninayoisimulia haina ubaya wowote, na nawaomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho. Jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha. Ni kwamba hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, na mimi si mwepesi wa kukariri. Ina bendera, ina wimbo wa beti kumi na nne, na ina Wizara ya Afya, Misitu na Heshima kwa Mila. Mambo hayo matatu yamewekwa chini ya waziri mmoja ili mwananchi mwenye shida asihangaike: akikosa msaada, anaukosa mahali pamoja.

Kando ya Mto Lisoi, ndani ya msitu, waliishi Wasendu, watu wasiozidi mia nne, na tabibu wao alikuwa Bibi Ntabeya. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi mkali na vidole vilivyogeuka rangi kwa kusaga magome. Aliishi na mumewe, mzee Lokumbe, ambaye alikuwa akibishana naye miaka arobaini na mmoja bila kuchoka, na mjukuu wao Sareni, wa miaka saba, aliyeachwa na binti yao marehemu. Huyo mjukuu ndiye aliyekuwa roho ya Bibi. Angeweza kukusamehe lolote, lakini si kumkanyagia Sareni hata kivuli.

Wasendu walikuwa na desturi moja, na hiyo ndiyo iliyoleta haya yote. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka huzikwa ukingoni mwa mto, na juu yake hupandwa mche. Mche ule ndio mti wake mpaka kufa kwake. Basi mtu akiugua, tabibu hakimbilii kumbonyeza tumbo. Kwanza huenda kuutazama mti. Sababu yake Bibi aliieleza kwa yeyote aliyeuliza. Mti na mwenye mti wanakunywa maji yale yale. Mti ukiwa mzima na mtu anaumwa, ugonjwa uko nyumbani, utafute kwenye chakula au kwenye ndoa. Mti ukiugua pamoja na mtu, ugonjwa uko kwenye maji, na hapo hakuna gome litakalofaa mpaka maji yatengemae.

Sasa huko juu mtoni kulikuwa na kiwanda cha kusindika ngozi, chenye bomba nene lililomwaga mtoni maji mekundu yenye povu. Kiwanda kilikuwa mali ya shemeji yake Waziri, jambo ninalolitaja kwa bahati tu. Kilipotimiza mwaka wa tano na ushei, majani ya miti ya Wasendu yakaanza kuungua kwenye ncha, na Sareni akaanza kutapika. Ngozi ya viganja vyake ikawa inabanduka.

Asubuhi moja alifika Bwana Simforian Kapela, Afisa Uhakiki wa Mila Daraja la Pili, akiwa na kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, nina mgonjwa."

Bibi akampita Sareni aliyelala mkekani, akateremka mpaka mtoni, akaukwangua mti wa mjukuu wake kwa ukucha, akanusa jani, akasonya. Kapela alikuwa nyuma yake.

"Bibi, mgonjwa si yule mtoto pale mlangoni?"

"Mtoto nimeshamwona. Huyu ndiye atakayeniambia kinachomuua."

"Kwa hiyo unautibu mti?"

"Nauuliza! Maji haya yana sumu, mwanangu. Andika hivyo. Andika maji."

Kapela alikuwa mwandishi hodari, lakini wakati huo alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu, nao walikuwa wameshapita magoti wanapanda. Ikabidi afupishe. Aliandika sentensi moja akiwa anarukaruka, kisha akakimbilia garini akivua suruali. Sentensi ilisema: Kwa Wasendu, mgonjwa ni mti.

* * *

Waziri alikuwa Mheshimiwa Hilarion Dukuza, mtu wa shingo nene na moyo mwepesi wa kuguswa. Aliposoma ile sentensi alitokwa na machozi. Kesho yake alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi wakoloni walitudanganya kwamba mgonjwa ni mtu. Sisi tukaamini! Tukajenga hospitali, tukaweka vitanda, na juu ya vitanda tukalaza nani? Watu! Leo nasema basi. Serikali yenu sikivu imesikia. Kuanzia sasa kila Msendu atatibiwa kwa mujibu wa mila zake, atake asitake!"

Makofi yalipigwa mpaka mkalimani wa lugha ya alama akaomba maji.

Sheria ilipitishwa kabla ya chakula cha mchana. Kifungu cha nne kilisema mgonjwa ni mti. Cha tano kilisema mtu ni ndugu wa mgonjwa. Cha tisa, ambacho wabunge walikipenda kwa sababu kilikuwa na huruma, kilisema ndugu wana haki ya kumuuguza mgonjwa wao popote atakapolazwa, wala hakuna mamlaka itakayowafukuza mpaka mgonjwa apone na arudishwe kwao.

Zahanati ikajengwa ukingoni mwa Lisoi. Miti ikapakwa chokaa, ikapewa kadi, ikatundikiwa chupa za dripu kwenye matawi, ikafungiwa vipimajoto kwa kamba. Kapela akapandishwa cheo kuwa Mganga Mkuu wa Miti. Kila asubuhi, kwa maagizo, aliisoma sheria yote kwa sauti mbele ya zahanati, kifungu hadi kifungu, ndipo dirisha lifunguliwe.

Bibi Ntabeya alifika siku ya kwanza na Sareni mgongoni.

"Mgonjwa yuko wapi?" Kapela akauliza.

"Huyu hapa mgongoni. Humwoni?"

"Huyo ni ndugu wa mgonjwa, bibi. Ndugu wa mgonjwa wakae kwenye benchi."

"Anatapika, we mtoto!"

"Kutapika anaruhusiwa. Tunaomba tu asitapike karibu na wagonjwa."

Bibi akatoa chupa ya maji ya mto kutoka kwenye kanga. "Haya, basi pelekeni haya yakapimwe."

"Maabara inapokea vipimo vya mgonjwa tu. Mgonjwa wako amewahi kukojoa?"

"Mti?"

"Basi ndiyo hivyo, bibi yangu."

Alikaa kwenye benchi lile asubuhi ishirini na sita. Aliisikia ile sheria mara ishirini na sita, na kwa kuwa hakujua kusoma, kichwa chake kilikuwa kimezoea kushika mambo kwa kusikia.

Kulikuwa na chemchemi moja safi, mwendo wa saa mbili kupanda kilimani, na ilitoa maji kidogo, dumu moja dogo kwa siku. Bibi alilibeba dumu lile kichwani kila siku na kulileta nyumbani. Lokumbe hakuligusa.

"Kunywa, mzee. Usinitie kichaa."

"Mpe mtoto."

"Yatawatosha wote wawili."

"Hayatoshi, na wewe unajua kuhesabu. Mpe mtoto, kelele za nini?"

Alikunywa ya mto. Alikufa Jumanne asubuhi, akiwa ameegemea ukuta, na hata siku ile walikuwa wameshabishana mara mbili. Bibi alifunga kanga kiunoni akaenda zahanati kutoa taarifa. Kapela alifunua kadi, akaisoma, akakuna kichwa.

"Pole sana, bibi. Lakini siwezi kumwandika amefariki. Juzi ametoa jani jipya."

"Mwanangu, yuko ndani kalala, nimemfumba macho kwa mkono wangu huu!"

"Nakuelewa. Ila kwenye kadi anaendelea vizuri. Labda apunguziwe chumvi."

Wasendu walimzika mzee Lokumbe akiwa anaendelea vizuri. Hasira haikumwachia Bibi nafasi ya kulia. Alichimba na wanaume, akafukia na wanaume, akarudi nyumbani kumchemshia Sareni uji. Wiki iliyofuata kiangazi kikaingia na chemchemi ikakauka.

* * *

Sasa Sareni hakuwa na maji mengine ila ya mto. Bibi aliyachemsha, akayachuja kwa mkaa na mchanga, akatia kila mzizi aliouamini, na mtoto aliendelea kukonda tu. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Bibi alimtazama akijua kabisa, kwa ujuzi wa miaka yote ile, kwamba alikuwa na majuma machache.

Ni katika majuma hayo ambapo Mheshimiwa Dukuza alikuja kuzindua zahanati. Alikuja na bendi, waandishi wa habari na keki yenye umbo la mti. Wizara iliamua afanywe Msendu wa Heshima, hivyo apandiwe mti wake ukingoni. Ikatokea tatizo: kitovu chake hakikujulikana kilipo. Wasaidizi walishauriana pembeni, halafu Waziri akafukia kadi yake ya jina, ile yenye namba zote za simu, na juu yake ukapandwa mti mkubwa wa bei, ulioletwa kwa gari ukiwa na maua tayari.

"Leo," alisema Waziri huku akifuta udongo mikononi, "mimi na Wasendu ni ndugu wa damu. Ugonjwa wao ni ugonjwa wangu!"

Waandishi waliyanukuu maneno hayo neno kwa neno.

Siku ya kumi na nane mti wa Waziri uliungua ncha za majani. Siku ya ishirini na tano ukapukutisha maua yote. Kapela, ambaye kazi aliifanya kwa uaminifu, alijaza kadi: Mheshimiwa Waziri, hali mbaya, hana hamu ya kula. Nakala ikaenda makao makuu kwa utaratibu wa kawaida, na makao makuu wakaifungua kwa utaratibu wa kawaida, kwenye kikao cha Baraza la Mawaziri.

Ilikuwa sheria yake mwenyewe, angeipinga vipi? Mawaziri wenzake walimpa pole kwa zamu. Wawili walianza kuulizia ukubwa wa ofisi yake. Gazeti la serikali lilichapisha picha yake ya ujana, ile ambayo huchapishwa mtu akiwa hoi. Rais alimtumia kapu la matunda na kadi isiyosema arudi kazini lini. Maskini Dukuza, aliyeingia kikaoni akiwa mzima kama jiwe, akatoka anakohoa.

Hakuvumilia. Alikuja Lisoi bila bendi, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi, akamkuta Bibi Ntabeya benchini na mjukuu wake mapajani, akaketi kando yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye unayejua. Hebu niambie ukweli, nitapona?"

Bibi alimwangalia mtu yule mnene anayetetemeka kwa ajili ya majani. Angetaka kumcheka, lakini Sareni alikuwa anapumua kwa shida na kucheka hakukuja.

"Utapona mto ukipona, mheshimiwa. Kiwanda kikiacha kumwaga uchafu wake humu, wiki mbili tu utachipua."

"Kile kiwanda ni uchumi, mama," Waziri alisema kwa upole, kama anayemtetea mtoto wake. "Hakuna dawa nyingine?"

"Ipo. Hamishwa. Ukalazwe mahali penye maji safi."

Alilisema kwa uchungu tu, jinsi mtu anavyomwambia tajiri akale nyama. Lakini Waziri aliruka kutoka benchini, akamshika Bibi mikono yote miwili, akamwita mama mara tano.

* * *

Alhamisi yalikuja malori manne ya jeshi. Moja lilikuwa la mgonjwa, na matatu yalikuwa ya wanajeshi wa kumsindikiza. Mti wa Waziri uling'olewa taratibu na udongo wake, ukafungwa shuka nyeupe shinani, ukapandishwa na dripu yake. Ungelazwa nyumbani kwa Waziri, kwenye bustani yenye mabomba manane ya maji ya kunywa.

Bibi Ntabeya alisimama akiangalia, na kitu kikamgonga kichwani. Hakusubiri. Alimfunga Sareni mgongoni, mtoto mwepesi asiye na nguvu hata ya kushika kanga, akaenda moja kwa moja kwenye lori la mgonjwa.

"Unakwenda wapi, bibi?" Kapela akauliza.

"Kumuuguza."

"Kumuuguza nani?"

"Ndugu yangu Dukuza. Si alisema hapa hapa, mbele ya wenye kamera, kwamba sisi ni ndugu wa damu? Kifungu cha tisa, mwanangu. Ndugu wana haki ya kumuuguza mgonjwa wao popote atakapolazwa, wala hakuna mamlaka itakayowafukuza. Au nimeruka neno?"

Kapela alifungua kitabu cha sheria, ingawa naye alikijua kwa moyo. Alisoma. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo hakutazama mti. Alitazama miguu ya Sareni iliyokuwa inaning'inia, myembamba, yenye magamba.

"Hujaruka neno," alisema. "Panda, bibi. Nipe mtoto nikushikie."

Halafu akageukia msitu, akapaza sauti ileile ya kila asubuhi: "Ndugu wote wa mgonjwa!"

Wakatoka. Wazee, wajawazito, watoto waliovimba matumbo, mizinga ya nyuki mabegani. Wanajeshi walishushwa kwa mujibu wa sheria. Walioenea kwenye malori walipanda, na waliobaki walitembea, wakafika siku ya tatu.

Kwenye bustani ya Waziri, Bibi hakuutazama hata mti. Alikwenda bombani, akafungua, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akamkingia Sareni kikombe. Mtoto alikunywa, akatapika. Akamkingia cha pili, akatapika nusu. Cha tatu kilikaa. Bibi alikaa pale kwenye nyasi za mtu mkubwa, mkono wake juu ya tumbo la mjukuu, akisikiliza maji yakishuka. Siku ya nne Sareni aliomba uji. Siku ya saba alikuwa anawakimbiza tausi wa Waziri.

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa na utulivu huo.

"Hilarion!" mke wa Waziri alisikika kutoka dirishani. "Kuna mtu anaanika mizizi kwenye kamba yangu ya nguo! Na kuna mzinga wa nyuki gereji!"

"Vumilia, mama watoto. Ni ndugu zangu. Wameandikwa."

Mti ulichipua baada ya wiki mbili, kama Bibi alivyosema. Rais akapiga simu kumpongeza Waziri kwa kupona, na wale mawaziri wawili wakaacha kuulizia ofisi. Kapela, aliyekuwa amemsindikiza mgonjwa wake, akajaza kadi: amepona, aruhusiwe. Waziri akatoka barazani na suti yake nzuri.

"Ndugu zangu wapendwa, mgonjwa amepona. Mmeniuguza vizuri sana. Basi, kwaherini!"

"Tunashukuru," Bibi alijibu, naye akawafanyia ishara vijana wenye majembe. "Haya, mng'oeni tuondoke naye."

"Nani?"

"Mgonjwa. Sheria inasema apone na arudishwe kwao. Tumwache hospitali kama hana watu?"

Waziri alizuia majembe kwa mikono yake mwenyewe. Aliuona mto akilini, maji mekundu, majani yakiungua, kapu la pili la matunda. "Hapana, hapana! Mwacheni abaki!"

"Kumbe bado hajapona vizuri. Basi na sisi tunabaki."

Walibaki siku nyingine tisa. Siku ya tatu nyuki wa gereji walihamia kwenye gari la serikali. Siku ya sita mapacha wa Kisendu, waliozaliwa wiki iliyotangulia karibu na bwawa la kuogelea, walidondoka vitovu, navyo vikazikwa pale pale kwa taratibu zote, na Kapela akawafungulia kadi. Mke wa Waziri alipoelezwa maana yake, kwamba pale sasa ni kwao, alipakia masanduku akaenda kwa kaka yake, yule mwenye kiwanda. Akakaa kwa kaka yake siku tatu akilalamika. Siku ya tisa kaka akampigia Waziri simu kwamba basi, inatosha, uchafu hautamwagwa tena.

* * *

Jambo hilo lilitangazwa kuwa Mradi Mkuu wa Kitaifa wa Ukombozi wa Mto Lisoi. Wataalamu walisema utachukua miaka mitatu na upembuzi yakinifu. Waziri alichungulia dirishani, akawaona Wasendu wakipima uwanja wa tenisi kwa ajili ya vibanda, akawaambia wataalamu wafanye Jumamosi.

Jumamosi, kule juu mtoni, kulikuwa na turubai, bendi na utepe. Wasendu walirudishwa kwa malori yale yale, pamoja na mgonjwa. Waziri alihutubia saa nzima juu ya jinsi alivyougua kwa niaba ya taifa, akakata utepe, akarudi kitini. Fundi mmoja wa kiwanda, kijana mwenye ovaroli, akaenda kwenye lile bomba nene. Juu yake palikuwa na koki ya duara, imepakwa rangi ya buluu. Akaizungusha kwa mkono mmoja. Povu likapungua, likawa uzi, likakatika. Haikufika nusu dakika.

Makofi yakapigwa. Bibi Ntabeya hakupiga. Alimwacha Sareni na Kapela, akasogea mpaka kwenye bomba.

"Mwanangu, hii koki iliwekwa lini?"

"Siku kiwanda kilipojengwa, bibi. Mwaka wa sita huu."

"Ni nzito?"

"Wala. Jaribu."

Alijaribu. Aliifungua kidogo, akaifunga. Ilizunguka bila kelele, haikuwa hata na kutu. Ndipo akakaa chini kwenye tope mbele ya wageni waalikwa, akamlilia Lokumbe kwa jina lake, kwa sauti, machozi yote ambayo hakuwa ameyapata siku ya mazishi, na waandishi wa habari wakamzunguka na kamera zao.

Kesho yake gazeti la serikali lilitoa picha yake ukurasa wa mbele, kubwa, ya rangi. Chini yake waliandika kwamba bibi wa Kisendu alishindwa kujizuia kwa furaha.